Baridi ya Mbeya haipozi injini iliyosimama

"Fundi, inachemshaje na huku watu wote wamevaa makoti?" Swali hili hunifikia kila mwezi wa sita na wa saba, na anayeuliza ni karibu mtu yule yule: kapanda pikipiki kubwa ya safari ya silinda mbili, amekwama kwenye foleni ya malori kati ya Uyole na Mafiati, na paja lake la kulia limeiva kama muhindi wa kuchoma.

Injini isiyo na rejeta ya maji inapozwa na upepo unaopita juu ya mapezi yake, zile bati nyembamba zilizozunguka silinda. Upepo huo unatokana na mwendo. Ukisimama hakuna upepo, hata kama nje kuna nyuzi 10. Halafu mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Kwa mwendo ule ule, hewa inayogusa mapezi ni pungufu. Baridi inasaidia, ila si kwa kiasi watu wanachodhani.

Haya ndiyo ninayofanya kwa pikipiki za aina hii kabla hazijaondoka karakana kwenda Iringa, Morogoro au Tunduma. Nazungumzia injini kama Twin Cam za Harley-Davidson, BMW za silinda za ubavuni zilizotoka kabla hazijaanza kuwekewa maji mwaka 2013, na R 18 ya BMW yenye cc 1,802. Kama yako ina maji, ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 1: Fungua njia ya upepo

Kaa chini mbele ya pikipiki, iwe imepoa, utazame kama wewe ndiwe upepo. Unaona nini kabla ya silinda? Mara nyingi naona honi ya lori, taa mbili za ziada, dumu la petroli na begi la zana, vyote vimefungwa kwenye bampa ya mbele. Vihamishe. Kama kuna rejeta ya oili, mbele yake pasiwe na kitu chochote.

Tope jekundu la kutoka Njombe au Makete likikaukia katikati ya mapezi linakuwa kama blanketi. Loweka kwa maji na sabuni, sugua kwa mswaki mrefu, suuza. Injini iwe baridi kabisa. Kumwagia maji silinda yenye moto ni kuomba gasketi ianze kuvuja au chuma kipate ufa.

Hapa nina kisa changu. Makambako ina upepo unaoingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo siku moja nikafunga nailoni nzito kwenye bampa kukinga miguu. Nilisikia raha hadi Iringa. Nikateremka mlima Kitonga nayo, nikasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, na injini ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kuvuta mafuta) taa ya oili ikaanza kupepesa. Nailoni nilikuwa nimeshaisahau. Nilikaa chini ya mbuyu zaidi ya saa moja nikisubiri, na vitunguu pembeni. Ukifunga kinga ya baridi, andika kwenye karatasi uibandike juu ya tangi: TOA IRINGA.

Hatua ya 2: Oili

Kwenye injini hizi oili inafanya kazi mbili, kulainisha na kubeba joto. Ikipungua nusu lita, si ulainishaji tu uliopungua.

Tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa nyingi za aina hii ni 20W-50. Kama oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolowesha klachi, kopo liwe na alama ya JASO MA, alama ya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Oili nyingi za magari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza mlimani ni jiko lingine ndani ya injini. Usijaze kupita alama ya juu pia. Oili iliyozidi huchapwachapwa, hupata moto, na mwisho hutokea kwenye chujio la hewa.

Namna ya kupima kiwango hutofautiana: nyingine unaisimamisha wima, nyingine unaiegemeza kwenye stendi ya pembeni, nyingine lazima iwe ya moto. Soma kitabu, usibishane na mimi.

Hatua ya 3: Kabureta, na hapa watu wa nyanda za juu tujihadhari

Kama pikipiki yako inatumia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hatua hii ni muhimu kuliko zote. Huku juu hewa ni chache, lakini jeti, kitundu cha kupitishia petroli, inaendelea kupitisha petroli ile ile. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unanuka. Kwa hiyo mafundi wa Mbeya tunapunguza jeti. Pikipiki inachangamka, mteja anafurahi, analipa.

Kisha mteja anateremka kwenda Morogoro au Dar. Huko hewa ni nzito, jeti ni ndogo, petroli haitoshi. Injini inaunguza mchanganyiko mkavu, na mchanganyiko mkavu una joto kali. Dalili zake: ukiachia mafuta ekzosi inapiga vibao, kauri ya plagi imekuwa nyeupe kama chaki, bomba la ekzosi karibu na silinda limegeuka bluu, na ukivuta mafuta mlimani unasikia kelele kama kokoto ndani ya kopo. Ukisikia kokoto hizo, achia mafuta mara moja, teremsha gia.

Dawa yake: jeti ya asili usiitupe. Iwekwe kwenye kifuko kidogo chini ya siti, na kabla ya safari ya kuteremka irudishwe. Utasafiri Mbeya hadi Iringa pikipiki ikila petroli zaidi kidogo na plagi zikiwa na masizi. Sawa tu. Plagi nyeusi inasuguliwa. Pistoni yenye tundu inanunuliwa.

Angalia pia raba inayounganisha kabureta na silinda. Ikipasuka inavuta hewa ya wizi, na matokeo ni yale yale. Zenye kompyuta na kipima hewa hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko, ila hewa ya wizi baada ya raba inazisumbua nazo.

Hatua ya 4: Pima, usikisie kwa mkono

Nunua kipimajoto kile cha kulenga kwa mbali. Lenga sehemu nyeusi isiyong'aa, kwa sababu kwenye kromu kinadanganya, kinasoma chini. Pima oili ikiwezekana. Kati ya nyuzi 90 na 110 mwendoni ni kawaida. Ikipanda kupita 130, tafuta mahali pa kusimama.

Ukipima karakana ukiwa umewasha injini bila kutembea, weka feni mbele. Mimi natumia feni ya kawaida ya nyumbani, ya kusimama. Nimeona fundi anafanya taimingi dakika ishirini bila feni halafu anashangaa kwa nini mabomba yamebadilika rangi.

Kwa sababu hiyo hiyo, asubuhi ya baridi usiiache inanguruma uani hadi "ipate moto". Dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu.

Hatua ya 5: Foleni na milima

Foleni ikizidi dakika tatu bila kusogea, zima. Usikae na gia ukibana klachi. Usijibane nyuma ya lori, kwani hewa unayopokea ni ya ekzosi yake. Ukiegesha, elekeza pua kule upepo unakotoka.

Kuteremka Mlima Nyoka au Kitonga hakuna shida ya joto la injini, maana umefunga mafuta na upepo upo. Shida ya huko ni breki, kwa hiyo teremka na gia, kamwe si nyutro. Tatizo ni kupanda. Kitonga ukitokea Ruaha Mbuyuni unaanzia kwenye joto la bondeni, unapanda kilomita nyingi kwa mwendo wa lori, nusu klachi, upepo ukiwa wa kuhesabu. Ipande mapema asubuhi. Ukikuta msururu, subiri chini upate nafasi, kisha panda gia ya pili kwa mwendo wa sawasawa badala ya kuvutana mita kumi kumi.

Kuna jambo linalowashtua wengi. Baadhi ya Harley-Davidson zina mfumo unaozima silinda ya nyuma zenyewe injini ikipata moto sana huku imesimama. Mlio unabadilika, unakuwa wa kukwamakwama kama imekufa upande mmoja. Mara ya kwanza kuletewa moja nilishafungua plagi ya nyuma, nimeshika mita, nikaanza kumweleza mzee wa watu gharama. Akaniambia, "Mwanangu, hebu iendeshe kwanza." Nilipotoka getini ikarudi kwenye silinda mbili.

Hatua ya 6: Paja lako

Kwenye Harley silinda ya nyuma iko kwenye kivuli cha ile ya mbele, kwa hiyo ndiyo yenye moto zaidi, na iko chini ya siti yako. BMW za ubavuni zina nafuu: silinda zimetokeza nje, kila moja na upepo wake.

Rudisha bati la kukinga ekzosi kama lilishang'oka. Vaa jinzi nzito au ngozi. Suruali ya traki ikigusa ekzosi inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Kwenye foleni tanua magoti, hata kama haupendezi.

Hatua ya 7: Mwili

Ukitoka Mafinga umevaa sweta mbili, zivue Iringa kabla ya kuteremka, usingoje jasho. Bondeni hewa ikifika nyuzi 35 na kuendelea, upepo haukupozi tena kwa ubaridi wake. Kinachokupoza ni jasho linapokauka. Kwa hiyo usivue jeketi uendeshe na singlendi. Utakauka haraka kuliko unavyokunywa. Lowesha fulana, vaa jeketi juu yake, acha zipu wazi kidogo kifuani na mikononi.

Kunywa kidogo kidogo kila unaposimama. Beba pakiti za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), au lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Kichwa kikianza kuuma, ukasikia kichefuchefu au ukajikuta umesahau kuzima indiketa kilomita tatu zilizopita, egesha kivulini, vua helmeti na jeketi, jimwagie maji. Mwenzako akianza kuongea vitu visivyoeleweka au akaanguka, huyo ni wa hospitali, na maji aendelee kumwagiwa njiani. Pikipiki yake iachwe kwa mama muuza vitunguu.