Somo: Siku moja Mombasa, anza kwa kuhesabu maji

Wageni wengi hufika ufuo wa Nyali saa nne asubuhi wakakuta bahari imekimbia, mchanga mtupu na mwani. Tatizo ni kwamba walitazama ramani, hawakutazama mwezi.

1. Hesabu maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana. Maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo yamegeuka: saa 10 jioni ndiyo yamekupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3.

2. Chagua shughuli. Kuogelea, fika muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa. Mashua yenye sakafu ya kioo ya kutazama matumbawe, panda maji yakipwa, maana tumbawe liko karibu. Ukitembea hadi mwambani vaa viatu vya soli ngumu. Kuna wadudu wa baharini wa miiba myeusi, na mwiba wao huvunjikia unyayoni. Maji yakianza kurudi, ondoka hapo hapo: mkondo ulio kati ya mwamba na ufuo hujaa kwanza, nyuma ya mgongo wako.

3. Mji wa Kale ni asubuhi. Kula mahamri na mbaazi za nazi, kisha ingia Fort Jesus saa 2 inapofunguliwa, kabla jua halijachoma ukutani. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698. Waingereza wakaifanya jela. Usikimbilie mizinga tu, shuka ile njia ya matao iendayo baharini. Chukua kitambulisho, bei ya mwenyeji haitolewi kwa mdomo. Ukitoka, fuata barabara ya Mbarak Ali Hinawy hadi msikiti wa Mandhry, kisha soko la Marikiti ukanunue viungo.

4. Jioni, nenda Laitihausi (Lighthouse), kando ya bahari. Madafu, na kachiri za muhogo zenye pilipili na ndimu.

Maswali ya wasomaji

*Asalaam aleikum. Nije mwezi gani kuona samaki vizuri?*
Waaleikum salaam. Novemba hadi Machi. Upepo wa kusi ukivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na mwani hujaa ufuoni.

*Nashuka treni ya SGR Miritini na gari la kukodi linanisubiri, nakwenda Diani. Lazima feri?*
La. Pita barabara ya Dongo Kundu, huingii kisiwani kabisa. Feri ya Likoni ni ya anayetoka mjini. Wa miguu halipi, gari hulipa. Alfajiri na jioni msongamano ni mkubwa, na simu iweke mfukoni: kupiga picha pale ni marufuku.

*Tuko kina mama watatu, Mji wa Kale tuvae nini?*
Dada, funikeni mabega na magoti, leso moja kila mtu yatosha. Wenyeji msiwapige picha bila idhini. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala, basi manunuzi yawe kabla ya saa 6.