Namna ya kuelewa urithi wa rangi fiche unapozalisha nyoka-mahindi

Anayetaka kuelewa jinsi rangi zinavyorithiwa kwa nyoka wa kufugwa aanze na nyoka-mahindi (Pantherophis guttatus), nyoka asiye na sumu wa kusini-mashariki mwa Marekani. Kwa kawaida ana ngozi ya rangi ya chungwa yenye mabaka mekundu yaliyozungukwa na mstari mweusi. Mwaka 1953, katika jimbo la North Carolina, alikamatwa dume asiye na weusi wowote, na mwaka 1961 Daktari H. Bernard Bechtel akafanikiwa kupata watoto wenye rangi hiyo katika ufugaji. Tangu hapo ukosefu wa weusi umekuwa mfano bora wa sifa fiche, yaani sifa ambayo mnyama anaweza kuibeba bila kuionyesha.

Sababu ya kujificha huko inafahamika. Nyoka hupokea nakala mbili za jeni hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kwa nyoka hawa wasio na weusi, kipande cha DNA kimejipachika ndani ya jeni ya OCA2, ambayo inahitajika katika kutengeneza melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi. Nakala moja nzima inatosha kuendesha kazi hiyo, kwa hiyo mwenye nakala moja mbovu hutoka na rangi ya kawaida kabisa, na hakuna jicho linaloweza kumtofautisha na ndugu yake asiyebeba chochote.

Iandike nakala nzima kwa A na iliyoharibika kwa a. Ukimpandisha dume wa aa kwa jike wa AA, watoto wote huwa Aa: wana rangi ya kawaida, lakini wote ni wabebaji. Ukipandisha wabebaji wawili, kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa aa, 2 kati ya 4 ya kuwa Aa, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Mbebaji akipandishwa na aa, nafasi ya mtoto asiye na weusi ni nusu.

Sisitiza neno yai, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Nafasi hizo huanza upya kwa kila yai wala hazigawanywi kwa mtago mzima. Mtago wa mayai 12 ya wabebaji wawili unatarajiwa kutoa watoto 3 wasio na weusi, ila mara 3 hivi kati ya 100 hautatoa hata mmoja, na matokeo hayo hayathibitishi kwamba muuzaji alikudanganya.

Katika mtago huohuo, watoto wenye rangi ya kawaida ni wabebaji kwa uwezekano wa asilimia 66, kwa sababu aa wakishatengwa, wawili kati ya kila watatu wanaobaki hutarajiwa kuwa Aa. Asilimia hiyo haipimi kiasi cha jeni mwilini. Nyoka ni mbebaji au si mbebaji. Kumuuza nyoka wa namna hiyo kama mbebaji wa hakika ni kumlaghai mnunuzi, ambaye atagundua miaka kadhaa baadaye, baada ya kumlea na kumzalisha.

Hakika hupatikana kwa kumpandisha nyoka unayemshuku na aa. Akiangua mtoto mmoja tu asiye na weusi, jambo limethibitika. Mayai 7 yakitoa watoto wa kawaida watupu, uwezekano kwamba bado ni mbebaji aliyefichwa na bahati unakuwa mdogo, kwani mbebaji hutoa matokeo hayo mara 1 kati ya 128. Tumia jike ambaye hajawahi kupandwa na dume mwingine, kwa kuwa majike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi mingi na kuvuruga jaribio lote.

Ukosefu wa wekundu, unaomfanya nyoka awe wa kijivu na mweusi, unatokana na jeni nyingine. Ukimpandisha nyoka asiye na wekundu na yule asiye na weusi, watoto wote hutoka wa kawaida, wakibeba jeni zote mbili. Ukipandisha watoto hao wao kwa wao, yai 1 kati ya 16 hutarajiwa kutoa nyoka mweupe-waridi ambaye wafugaji humwita theluji, na karibu nusu ya mitago ya mayai 12 haitakuwa naye kabisa. Mbebaji wa zote mbili akipandishwa na theluji, nafasi hupanda hadi 1 kati ya 4.

Njia ya kupandisha ndugu ni fupi, lakini ikirudiwa kizazi baada ya kizazi hukutanisha pia jeni fiche zenye madhara. Ni afadhali kumpandisha theluji na nyoka wa kawaida asiye na undugu naye, kufanya vivyo hivyo katika ukoo wa pili, kisha kuchanganya wabebaji wa koo hizo mbili. Andika wazazi wa kila mtago na tarehe ya kupandisha siku ileile, na umpe mnunuzi nakala ya kumbukumbu hiyo pamoja na nyoka wake.