Kulala dago na watoto Pemba: mwezi kwanza, hema baadaye

Ukitaka kulala dago, yaani kupiga kambi pwani kama wavuvi, na watoto, usianze na kalenda ya skuli. Uliza kwanza mwezi ni wa ngapi. Maji ndiyo yanayoamua hema likae wapi, watoto washuke pwani saa ngapi, na kama mtalala hadi asubuhi au mtahamisha mikeka usiku wa manane.

Bamvua, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hupata nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye, na hapo tofauti baina ya maji kujaa na kutoka hukaribia mita 4. Maji mafu, yaani maji madogo, huangukia katikati, karibu na mwezi 8 na mwezi 22, tukihesabu siku tangu mwezi kuandama. Jambo linalowaponza wengi ni saa. Siku za bamvua maji huku kwetu hufika juu kabisa kama saa kumi, jioni na alfajiri, na hutoka kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ipitayo saa hizo husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Mtu akifika saa tatu usiku, bahari iko mbali, mchanga umetandazika kama mkeka. Anapiga hema hapo hapo. Alfajiri maji yanagonga mlango wakati watoto wako katika usingizi mzito.

Usiku mzuri kwa familia ni mwezi 15 au 16. Mbalamwezi ipo, na asubuhi yake maji yanatoka vya kutosha kushuka kutafuta pweza. Fikeni saa tisa alasiri, si baadaye, ili muyaone maji yakijaa kwa macho yenu. Yakifika juu kabisa, chomeka kijiti pale yalipoishia. Hema likae juu ya kijiti hicho kwa kimo kisichopungua goti la mtu mzima, kisha rudi nyuma hatua kumi nyingine. Usiutegemee mstari wa mwani mkavu ulioukuta mchangani. Kama bamvua inapanda, mstari ule ni wa jana, na maji ya usiku huu yataupita.

Pahala nako kuna upepo wake. Likizo ya Juni huangukia kusi, nayo huvuma kutoka kusini-mashariki. Katika rasi ya Kigomasha, kaskazini mwa Pemba, pwani ya Vumawimbi inatazama mashariki na hupigwa moja kwa moja, ilhali Panga ya Watoro, upande wa magharibi wa rasi hiyo hiyo, huwa imejikinga. Masika msijaribu kabisa na mtoto mdogo. Njia ya kutoka Konde hupita ndani ya msitu wa hifadhi wa Ngezi, kwa hiyo simameni ofisini, elezeni mnakokwenda, na msikate mti wala kuokota kuni humo. Kisha piga hodi kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa) mtakayolala. Hiyo ni adabu, na pia ni usalama: usiku mtoto akipata homa, kijiji kinajua mko wapi.

Mvinje ni kivuli kizuri. Mnazi sio, hata ukiuona hauna nazi mbivu, kwa sababu kuti kavu likianguka linatosha kumuumiza mtoto. Kaeni mbali na mikoko. Jioni usubi hutoka huko kwa wingi, na huyu ni mdogo kiasi cha kupenya tundu za chandarua cha kawaida. Wavisheni watoto mikono mirefu kabla ya magharibi.

Vigingi vilivyokuja na hema havishiki mchangani. Hushika jioni, kisha upepo ukizidi usiku vinang'oka kimoja kimoja. Tumia viroba vitupu, kimoja kwa kila kamba. Jaza mchanga kilo 5 au 6, funga kamba katikati ya kiroba, chimba shimo la mkono mmoja kwenda chini, kilaze humo, fukia na ukanyage. Kamba itoke kwa mshazari kuelekea hema. Ikitoka wima, kiroba kitapanda. Mlango uupe upepo mgongo, na mtu mzima alale mlangoni, ili mtoto anayeamka akitaka kutoka amguse kwanza.

Kwa wazee wawili na watoto watatu, usiku mmoja, chukueni dumu moja la lita 20 la maji ya kunywa na kupikia, na jengine la kunawia. Makaa kilo 3 yanatosha chakula cha jioni, chai na uji wa asubuhi. Chukueni boflo au chapati za kutosha asubuhi, muhogo, nazi mbili, ndimu, na chakula kamili cha jioni ambacho hakitegemei bahari. Pweza asipopatikana, watoto bado wapate kula.

Mafiga yasiwe mawe ya pwani. Jiwe la matumbawe lenye maji ndani likishika moto hupasuka na kurusha vipande. Okoteni mawe makavu ya nchi kavu, au njooni na jiko. Na moto usizimwe kwa mchanga. Hili huunguza watoto: makaa yaliyofukiwa hukaa na joto kwa saa nyingi, juu panaonekana mchanga mtupu, na asubuhi mtoto anapita pekupeku. Mwagia maji, koroga, mwagia tena, kisha gusa kwa mgongo wa mkono.

Asubuhi ndiyo ya mawindo. Paa na wanyama wengine wa msituni waacheni. Windo linalowafaa watoto liko miambani. Kabla ya kushuka ulizeni kamati ya wavuvi ya shehia kama mwamba umefungwa, kwani baadhi ya vijiji hufunga sehemu kwa miezi ili pweza wakue. Mtoto chini ya miaka 5 abaki mchangani na mzee mmoja. Wengine wavae viatu vya kufunga, si kandambili, ambazo hunasa kwenye tope na kumwachia mtoto mguu mtupu juu ya nungu wa bahari. Msikanyage kamba wala vigingi vya mwani. Lile ni shamba la mtu.

Fuateni maji yanapotoka, mkianza kushuka muda wa kama saa mbili kabla maji hayajatoka kabisa. Shimo lenye pweza lina dalili: mbele yake kuna kifusi kidogo cha makombe matupu na vijiwe, na mlango wake ni safi, hauna mchanga. Ukiinama vizuri utaliona jicho, limetulia linakutazama. Chokoa taratibu kwa chuma. Akiishika ile ncha, mvute polepole bila kuvunja mwamba. Asiyefika nusu kilo mrudishe, na aliyekalia mayai usimguse. Watoto wafundishwe jambo moja kabla ya yote: hakuna kuokota kombe lenye uhai, hata liwe zuri vipi. Lile lenye umbo la koni na madoa lina mwiba wa sumu unaoweza kuua.

Maji yakisimama, geukeni. Msingoje yaanze kujaa, kwa sababu mikondo iliyo nyuma yenu hujaa kabla ya mwamba mliosimama juu yake. Mtu mzima huvuka maji ya kiunoni bila wasiwasi, lakini kwa mtoto wa miaka 7 yale ni maji ya mabega au shingo, tena yanakwenda.

Aliyechomwa na mwiba wa samaki au wa taa, tia sehemu iliyochomwa ndani ya maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mzee ayajaribu kwanza kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu hautambui kuungua. Kisha hospitali, hata kama maumivu yamepoa.

Pweza mpige vizuri hadi alegee, muoshe utelezi, mtie sufuriani na maji kikombe kimoja tu. Atatoa yake mwenyewe. Funika kwa dakika 40 hadi 50 kwa moto wa wastani. Tui la nazi, ndimu na chumvi viingie akishalainika.

Pampasi na takataka zote zirudi nyumbani, na viroba vimwagwe mchanga mlipouchotea, vikunjwe kwa safari nyengine.