Jinsi ya Kuuchambua Mchezo wa Sataranji Ambao Kete Nyeusi Zilishinda

Anayetaka kujua namna ya kushinda kwa kete nyeusi, ilhali mwenzake ndiye anayeanza, hahitaji kupitia michezo mia moja. Achukue mmoja tu, aurudie mpaka aujue kama njia ya kwao. Mimi ninaupendekeza ule wa New York wa mwaka 1956, ambapo Bobby Fischer, mvulana wa Kimarekani wa miaka 13 aliyecheza nyeusi, alimshinda Mmarekani mwenzake Donald Byrne katika hatua ya 41.

Panga kete kwenye ubao halisi, si kwenye simu, kisha kaa upande wa nyeusi. Funika orodha ya hatua kwa karatasi, uishushe mstari mmoja mmoja, na kabla ya kuitazama hatua ya Fischer andika ile ambayo wewe ungeicheza. Hatua kumi za mwanzo zipite haraka. Tambua tu kwamba Byrne alimwacha mfalme wake katikati, wakati mfalme wa Fischer alikwisha kujihifadhi pembeni.

Kwenye hatua ya 11, simama. Fischer alimpeleka farasi a4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake), mahali ambapo farasi mweupe wa c3 angeweza kumla. Jionee mwenyewe kwamba akiliwa, farasi mweusi wa pili anamla askari wa e4, na papo hapo anawatishia malkia mweupe wa c5 na askofu wa g5 kwa pamoja.

Hatua ya 17 inastahili nusu saa nzima. Malkia mweusi yuko b6, anakaribia kuliwa, lakini Fischer hamwondoi, bali anamrudisha askofu kutoka g4 hadi e6. Chunguza kwanza askofu huyo akiliwa: malkia anamtishia mfalme kutoka b5, farasi anaingia e2 kisha g3, malkia anajitoa f1, ngome nyeupe inalazimika kumla, na farasi anarudi e2 kumfunga mfalme aliyezibwa na kete zake mwenyewe. Byrne akachagua kumla malkia, na hapo farasi na askofu wakaanza kupokezana kumtishia mfalme, huku wakiokota kete njiani.

Wengi huishia hapo wakishangilia, nami naliona hilo kuwa kosa. Hesabu kilichopatikana kwa malkia mmoja: ngome, maaskofu wawili na askari kadhaa. Kisha cheza umaliziaji mara mbili, ukimtazama malkia mweupe alivyokwama b8, hana la kufanya, ngome nyeusi ilipotua c2 na kumfunga mfalme.