Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, Arusha hadi Zanzibar

Ukiiuliza ramani ya simu njia ya Arusha hadi Zanzibar, itakupitisha Same, Segera na Chalinze, kisha ikupandishe boti. Ndege haina habari na hayo. Unachohitaji ni viwianishi (latitudo na longitudo) vya viwanja viwili na kikokotoo chenye kipeuo cha pili.

Hatua ya 1: hakikisha uwanja. Anayesema anaruka "kutoka Arusha" anaweza kuwa Kisongo (ARK) au KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro (JRO), na kati yake kuna kama kilomita 49 kwa mstari ulionyooka. Soma herufi tatu za tiketi, achana na jina la mji. Hapa tunaanzia Kisongo.

Hatua ya 2: andika viwianishi. Kisongo ni 3°22′ Kusini, 36°38′ Mashariki. Zanzibar (ZNZ) ni 6°13′ Kusini, 39°13′ Mashariki.

Wengi hukosea hapa. Simu huonyesha desimali, tuseme 3.37, na mtu anaisoma nyuzi 3 na dakika 37. Ameongeza dakika 15 zisizokuwepo, na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, kwa hiyo ameuhamisha uwanja karibu kilomita 28. Sehemu ya desimali izidishe kwa 60: 0.37 × 60 ni dakika 22.

Hatua ya 3: toa, kisha tafuta umbali. Latitudo: 2°51′, yaani maili 171 za baharini. Longitudo: 2°35′, yaani 155. Huku kwetu karibu na Ikweta, dakika ya longitudo inakaribia sana kuwa maili nzima, hivyo usijisumbue na kosaini ya latitudo, ambayo hutumika kuifupisha longitudo. Ulaya hesabu hii ingekuangusha.

√(171² + 155²) = maili 231. Zidisha kwa 1.852 (kilomita za maili moja ya baharini), unapata kilomita 428 hivi.

Kama safari inavuka Ikweta, mfano Arusha kwenda Entebbe, latitudo zinajumlishwa, hazitolewi.

Hatua ya 4: gawa kwa mwendo. Ndege ndogo ya Cessna Caravan kwa noti 160 (noti ni maili ya baharini kwa saa): 231 ÷ 160 = saa 1.44. Hiyo ni saa 1 na dakika 26, si dakika 44! Ndege kubwa zaidi, ATR 72, kwa noti 275 ni dakika 50.

Hatua ya 5: weka upepo. Safari inaelekea kusini-mashariki, na kusi linavuma kutoka hukohuko. Upepo wa mbele wa noti 20 unaishusha Caravan hadi 140: saa 1 dakika 39. Kurudi, 180: saa 1 dakika 17. Ndiyo maana kwenda na kurudi havilingani.

Hatua ya 6: ongeza kupanda na kutembea chini. Kisongo kiko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, Zanzibar iko karibu na sifuri. Ndege inayotoka Zanzibar ina futi nyingi zaidi za kupanda, na ikipanda inakwenda polepole. Kwa Caravan, kadiria dakika 4 za ziada ukitoka Arusha na 6 ukitoka Zanzibar, kisha dakika 10 za kutembea uwanjani na kujipanga kutua. Muda wa kwenye tiketi huwa umeshajumlisha hayo, usiyaongeze tena.

Ukianzia KIA, hesabu hiyohiyo inatoa maili 211, sawa na kilomita 390 hivi.