Pima unyevu wa mahindi kwa chumvi kabla ya kuyatia guniani

Wenye mahindi Malindi na Mpeketoni, kipimo hiki hakina gharama. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750 hivi, iwe kavu kabisa. Jaza mahindi yaliyopukuchuliwa hadi thuluthi, tia vijiko vikubwa 3 vya chumvi, funga, tikisa dakika 1, kisha iache itulie dakika 15. Chembe za chumvi zikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, na hapo hustawi kuvu watoao sumu iitwayo aflatoksini: rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si mchangani. Chumvi hunyonya maji ya punje, ndiyo maana hunata. Hapa pwani kinachoharibu kipimo mara nyingi ni chumvi yenyewe, maana hewa ya bahari huilowesha; ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu, ipoe. Ya mawe itwange iwe laini. Chupa ikibaki safi, anika siku 1 zaidi, kwani kiwango cha kuhifadhia ni asilimia 13.5. Tafadhali kumbuka, kipimo hiki hakionyeshi aflatoksini iliyokwisha kuingia, na kupika hakuiondoi. Punje zenye ukungu wa kijani zitoe, wala usiwape kuku.