Kuuza Mombasa Desemba: kusanya kwanza, kisha jaza maduka

Desemba Mombasa ina masoko matatu yanayokwenda kwa saa tofauti. Ofisi za mjini huanza kulegea baada ya Jamhuri, tarehe 12. Maduka huchemka hadi usiku wa tarehe 24. Hoteli, kutoka Nyali mpaka Diani, huendelea kununua hadi wageni waondoke Januari. Ajenti anayezunguka kwa ratiba ya Septemba hugonga milango iliyofungwa huku oda zikichukuliwa na wenzake mtaa wa pili. Maelezo haya yanamlenga ajenti wa komisheni anayeuza vinywaji, biskuti, unga na sabuni, ingawa sehemu ya madeni inamfaa yeyote.

Madeni kabla ya oda

Tarehe 10 mwenye duka ana pesa ya mauzo mkononi. Tarehe 3 Januari pesa hiyohiyo imeshageuka karo, sare na kodi ya chumba. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya Desemba ni ya kukusanya, hata kama bosi anapigia kelele tageti.

Chapisha orodha ya madeni yaliyopita siku 30, ipange kuanzia deni kubwa, na uwafikie watano wa juu ana kwa ana. Simu huahirishwa kirahisi. Usidai kaunta wateja wakisikia; msogeze mwenye duka pembeni na umpe sababu ya kulipa leo: “Ami, nifungie ile ya Oktoba, mzigo wa Krismasi nikuletee kesho asubuhi.” Asiyeweza yote alipe angalau nusu ndipo mzigo mpya utoke. Asiyelipa chochote auziwe taslimu tu, bila kununiana.

Hundi zinataka tahadhari. Ukipokea hundi tarehe 24 mchana, benki zimefungwa 25 na 26, na wikendi ikifuatia unasogea karibu na mwisho wa mwaka kabla ya kujua kama ina pesa. Baada ya tarehe 18 omba M-Pesa au uhamisho wa benki. Kumbuka muamala mmoja wa M-Pesa hauvuki shilingi 250,000, na kwa siku mwisho ni 500,000; deni la 400,000 ligawanywe mara mbili. Pesa iingie kwenye till au paybill ya kampuni. Ikipita kwenye namba yako binafsi, hata kwa nia njema, hesabu za mwisho wa mwaka zitakuletea maswali.

Ofisi na hoteli

Kwa ofisi uliza jambo moja mapema: malipo ya mwisho ya mwaka yanatoka tarehe gani? LPO (hati ya oda ya ununuzi) iliyosainiwa haina faida kama mhasibu ameshapanda treni ya SGR kwenda bara. Ankara iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, tangu mwanzo. Bila hiyo mnunuzi hupata taabu kuihesabu kama gharama kwenye hesabu zake za kodi, na atakurudisha mlangoni wakati huna siku za kupoteza.

Hoteli ni tofauti: meneja wa manunuzi yupo kazini Krismasi yote, lakini hana muda wa kukusikiliza. Kubalianeni bei na siku za kupeleka kabla ya tarehe 15, kisha kazi yako iwe kufikisha mzigo tu. Uliza saa za mlango wa kupokelea mizigo, maana gari likichelewa linaweza kurudishwa na mzigo wake.

Kiasi cha kujaza duka

Hapa ndipo wengi huharibu. Tuseme duka huuza katoni 6 za juisi kwa wiki. Ajenti mwenye tamaa humwachia 40 kwa mkopo tarehe 14, anashangilia tageti, halafu Januari katoni 20 zinarudi, nyingine zimekaribia kuharibika. Kampuni nyingi hukata komisheni ya mali iliyorudi, tena mwezi ule wa Njaanuari. Afadhali upeleke 10 tarehe 15, urudi tarehe 19 uhesabu zilizobaki kwenye rafu na stoo, uongeze kulingana na kasi uliyoiona, kisha ufunge tarehe 22 au 23. Usiahidi mzigo wa tarehe 24: lori moja likikwama, oda zote za siku hiyo zinakufa pamoja.

Tarehe 25 usijifungie nyumbani ukidhani mji mzima umelala. Kibokoni, Majengo na Markiti utapata maduka ya Waislamu yaliyo wazi, na ajenti wengine hawapo. Wenye maduka hayo usiwatumie salamu za Krismasi za jumla kwenye WhatsApp. Watumie bei na siku ya gari. Ijumaa yoyote, epuka kaunta kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana.

Barabara na jua

Asubuhi umati wa feri ya Likoni hutoka kusini kuja kisiwani, kwa hiyo anayeishi kisiwani aende Likoni mapema, kinyume na mkondo. Ijumaa jioni na Jumamosi magari ya wageni wa Diani hujazana upande wa kisiwa; mzigo unaotoka Changamwe au Miritini kwenda kusini upite barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Mtwapa na Bamburi zipewe siku yake, zisichanganywe na kisiwa. Kaskazi imeanza na joto la adhuhuri linachosha, basi zunguka kuanzia saa mbili hadi saa tano, na simu za kufuatilia zipigwe kivulini.

Kati ya tarehe 27 na 31 wauzaji wadogo wa ufuo wa Pirates na bustani ya Mama Ngina huishiwa maji na soda kila siku. Wauzie taslimu, kidogokidogo, kwa tuktuk. Wiki hiyohiyo anza kuchukua oda za sabuni na biskuti za wanafunzi wa bweni, na upange mzigo huo ufike dukani kabla shule hazijafunguliwa.